Vita vya Mafao Marekani: Nani Aonekane Ameshika Kisu?

Shemeji yangu anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Columbus, Ohio. Juzi alinitumia picha ya hati yake ya mshahara, ikifuatiwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ukiondoa salamu na malalamiko ya baridi, ulikuwa na swali moja tu: "Shemeji, hizi hela wananikata kila wiki mbili. Halafu kwenye televisheni ya kazini wanasema mfuko unafilisika, chama hiki kinataka kuufuta, chama kile kinasema kinauokoa. Sasa mimi namchangia nani?"

Niliikuza ile picha. Saa 80, dola 18 kwa saa, jumla dola 1,440. Chini yake, mstari wa kwanza wa makato: dola 89.28. Wa pili: dola 20.88. Mwajiri ametoa kiasi hicho hicho upande wake, ila hakionekani kwenye karatasi. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyowagombanisha Warepublican na Wademocrat kwa miaka mingi kuliko umri wa shemeji, na inazungumzwa kwa maneno mengi ya kutatanisha kiasi kwamba hata Wamarekani wenyewe huchanganya mambo. Nikaona nimjibu kwa maandishi, na wengine wasome.

Tuanze na neno lenyewe. Programu hizi Wamarekani huziita kwa neno ambalo kwa Kiswahili tunalo tayari: stahiki. Mtumishi akistaafu anadai stahiki zake, haombi msaada. Kwenye bajeti ya Marekani neno hilo lina maana mahususi zaidi. Fedha za jeshi, za barabara, za mbuga za taifa, Bunge linakaa kila mwaka na kuzipigia kura. Stahiki hazisubiri kura hiyo. Sheria imeshasema: mtu akitimiza masharti haya, alipwe. Wakijitokeza watu milioni moja zaidi mwaka huu, wote watalipwa, na bajeti ndiyo itakayonyooshwa iwafikie. Tatu kubwa kati ya programu hizo zinakaribia kumeza nusu ya matumizi yote ya serikali kuu. Kwa hiyo yeyote anayesema atapunguza sana matumizi ya serikali bila kuzigusa hizo tatu, mwulize atapunguza nini.

Ya kwanza ni Hifadhi ya Jamii, Social Security, iliyoasisiwa na sheria aliyoitia saini Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935. Leo inalipa wastaafu, wajane, watoto waliofiwa na mzazi, na watu waliopata ulemavu kabla ya kufika umri wa kustaafu, jumla karibu watu milioni 70. Ile dola 89.28 ya shemeji, yaani asilimia 6.2, inakwenda huko. Ya pili ni Medicare, bima ya afya ya watu wa miaka 65 na kuendelea, dola 20.88, asilimia 1.45, ni ya huko. Ya tatu ni Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo na walemavu. Medicare na Medicaid ni mapacha: Rais Lyndon Johnson alizitia saini siku moja, 30 Julai 1965, katika mji wa Independence, Missouri, pembeni yake ameketi Rais mstaafu Harry Truman, ambaye ndiye aliyepewa kadi ya kwanza ya Medicare.

Majina yanafanana kiasi cha kuudhi, lakini mapacha hawa hawalishwi kutoka sufuria moja. Medicare ina makato yake. Medicaid haina mstari kwenye hati ya mshahara wa mtu yeyote. Inalipwa kwa kodi za kawaida, sehemu kutoka serikali kuu na sehemu kutoka jimbo. Tofauti hiyo iweke kando, tutairudia, kwa sababu ndiyo inayoamua nani anakatwa na nani haguswi.

Mchezo, wala si kibubu

Watu wengi, shemeji akiwemo, wanadhani makato yao yanawekwa kwenye kibubu chenye jina lao, na siku ya kustaafu kibubu kinavunjwa. Hapana. Hifadhi ya Jamii inafanana zaidi na mchezo wa kina mama: hela wanazotoa wanachama leo, anapewa leo yule ambaye zamu yake imefika. Dola 89.28 za shemeji hazijalala popote. Pengine zimeshamfikia bibi mmoja wa hapo hapo Columbus, naye ameshanunulia dawa. Shemeji anachopata ni rekodi kwamba amecheza, na ahadi kwamba zamu yake ikifika kutakuwa na wengine wa kumchangia.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mtu wa kwanza kulipwa pensheni ya kila mwezi alikuwa Ida May Fuller wa Ludlow, Vermont, aliyekuwa karani katika ofisi ya mawakili. Alikuwa amechangia kwa miaka mitatu, jumla dola 24.75. Hundi yake ya kwanza, ya tarehe 31 Januari 1940, ilikuwa dola 22.54. Hundi ya pili tu ilishamaliza kila alichotoa. Kisha bibi huyo akaishi mpaka miaka 100, akafariki mwaka 1975, akiwa amepokea jumla ya dola 22,888.92. Hakumwibia mtu. Ndivyo zamu ya kwanza ya mchezo ilivyo, anayeanza kupokea hufaidi.

Hapo ndipo panapotoka ile kauli kwamba mfumo wote ni utapeli wa piramidi. Gavana wa Texas, Rick Perry, aliisema alipogombea urais mwaka 2011, na Elon Musk akairudia mwaka 2025. Sisi tunaoikumbuka DECI, ule upatu wa piramidi wa Tanzania, tunajua piramidi ikoje: aliyeianzisha anaficha hesabu, anaahidi faida isiyowezekana, na kila mzunguko unahitaji watu wengi kuliko uliopita mpaka watu wanaisha. Hifadhi ya Jamii hesabu zake zinachapishwa kila mwaka kwa ukurasa na nukta, haiahidi mavuno ya ajabu, na kuingia si hiari. Haihitaji wachangiaji waongezeke milele. Inahitaji uwiano usianguke. Na uwiano ndio ulioanguka.

Mwaka 1960 palikuwa na wafanyakazi watano wanaomchangia kila mpokeaji mmoja. Sasa hawafiki watatu. Kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kinastaafu, watu wanaishi zaidi, na wanazaa wachache. Mchezo wa watu kumi ukibaki na sita, na zamu ni zile zile, hakuna haja ya kumtafuta mwizi ili kueleza kwa nini bahasha imepungua.

"Lakini si walikuwa na akiba? Wanasiasa wameila." Hili nalo nalisikia sana. Akiba ipo. Baada ya mageuzi ya mwaka 1983 makato yalizidi malipo kwa miaka mingi, na ziada hiyo kwa mujibu wa sheria ilikopeshwa kwa serikali kuu kupitia hati fungani. Ukimkopesha mtu hela na yeye akazitumia, hajakuibia, anadaiwa. Tarehe 5 Aprili 2005 Rais George W. Bush alikwenda Parkersburg, West Virginia, katika ofisi ya serikali inayotunza hati hizo, akasimama mbele ya kabati la mafaili la kawaida kabisa, lile la droo ulilowahi kuliona kwa mhasibu yeyote, akasema hakuna mfuko, kuna karatasi za ahadi tu. Alikuwa sahihi kwamba ni karatasi. Hakuongeza kwamba ni ahadi za serikali ile ile ambayo wawekezaji wa dunia nzima hupanga foleni kuikopesha, na kwamba mpaka sasa kila karatasi iliyopelekwa kudaiwa imelipwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 akiba hiyo ilikuwa kama dola trilioni 2.7.

Inachofanya sasa ni kupungua. Tangu mwaka 2021 mfuko unatoa zaidi ya unavyoingiza, ukihesabu mpaka riba, na pengo linazibwa kwa kuchota akiba. Taarifa ya wadhamini wake ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba akiba ya upande wa wastaafu itakwisha mwaka 2033.

Na ikiisha? Hapa ndipo televisheni ya kazini kwa shemeji inapomtisha bure. Makato ya mishahara hayasimami hata siku moja. Yataendelea kuingia, na kwa makadirio hayo hayo yatatosha kulipa asilimia 77 ya mafao. Kwa mzee anayepokea dola 2,000 kwa mwezi, ambao ulikuwa karibu wastani wa mstaafu mwaka 2025, maana yake ni dola 1,540. Mfuko hautakuwa sifuri. Lakini mwambie mzee anayelipa kodi ya nyumba kwamba dola 460 ni kitu kidogo, uone.

Angalia sasa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kukatwa huko kumeshaandikwa. Sheria hairuhusu mfuko kulipa zaidi ya ulichonacho, kwa hiyo bila mbunge yeyote kunyanyua mkono, mwaka ule ukifika kisu kinashuka chenyewe, kwa tajiri na maskini sawasawa. Vyama vyote viwili vinalijua hili, hesabu ni moja na wanaisoma wote. Wanachogombea, kwa maoni yangu, ni nani aonekane ameshika kisu.

Njia ni chache, zote zinauma

Upatu unaopwaya unatengenezwa kwa namna mbili: ama kila mtu atoe zaidi, ama kila mtu apokee kidogo. Zilizobaki ni maneno ya kupamba. Wademocrat wengi wanasimama upande wa kutoa zaidi, na hasa watoe wenye nacho. Makato ya asilimia 6.2 yana kikomo: mwaka 2025 yaliishia kwenye dola 176,100 za mshahara. Anayelipwa dola milioni moja kwa mwaka anamaliza kuchangia kabla mwezi Machi haujaisha. Shemeji anachangia mpaka Desemba. Ondoa kikomo hicho, wanasema, na sehemu kubwa ya pengo itazibika. Warepublican wanajibu kwamba hiyo ni kodi mpya kubwa kwa waajiri na watu wanaoanzisha kazi, na kwamba pensheni itageuka sadaka, kwa sababu wengine watachangia bila kuongezewa mafao. Wao kwa desturi wamependelea kupandisha umri wa kustaafu, kupunguza kasi ya ongezeko la mafao, au kumwachia kijana sehemu ya makato yake aiwekeze mwenyewe.

Kupandisha umri kunasikika kama jambo dogo. Watu wanaishi zaidi, basi wafanye kazi zaidi. Ila anayelisema hilo mara nyingi kazi yake ni ya kukaa kwenye kiti. Shemeji kazi yake ni kumnyanyua mtu mzima wa kilo tisini kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha magurudumu, mara kadhaa kwa zamu. Uulizeni mgongo wake una maoni gani kuhusu kustaafu na miaka 69.

Lakini kuna ushahidi kwamba inawezekana kuelewana. Mwaka 1983 mfuko ulikuwa umebakiza miezi tu kabla ya kushindwa kulipa. Rais Ronald Reagan, Mrepublican, na Spika Tip O'Neill, Mdemocrat, walijificha nyuma ya tume iliyoongozwa na Alan Greenspan, wakakubaliana kila upande ukubali kuumizwa: makato yaliharakishwa kupanda, sehemu ya mafao ya wenye kipato kizuri ikaanza kutozwa kodi, na umri wa kupata pensheni kamili ukasogezwa polepole kutoka 65 hadi 67. Polepole kweli kweli. Umri huo wa 67 uliwahusu waliozaliwa 1960 na kuendelea, ambao wakati sheria inatiwa saini walikuwa na miaka 23 au chini ya hapo, wala hawakuwa wanafikiria uzee. Kwa sababu wote wawili walishika mpini pamoja, hakuna aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole kwenye kampeni.

Tangu hapo mambo hayajarudi kuwa hivyo. Wamarekani wana msemo: Hifadhi ya Jamii ni reli ya tatu ya siasa. Kwenye treni zao za chini ya ardhi, pembeni ya reli mbili za magurudumu kuna ya tatu inayopitisha umeme. Ukiikanyaga, umekwisha.

Mmoja aliyeikanyaga ni Dan Rostenkowski, mbunge wa Chicago na mwenyekiti wa kamati ya kodi, mtu aliyeogopwa Washington nzima. Mwaka 1988 Bunge lilikuwa limepitisha, kwa kura za vyama vyote viwili, sheria ya kuongeza kinga ya Medicare dhidi ya gharama kubwa za hospitali, na gharama yake wakaitupia wazee wenyewe, hasa wenye uwezo. Agosti 1989 Rostenkowski alitoka kwenye mkutano na wazee wa jimbo lake akakuta wamezingira gari. Wakalipiga kwa mabango, wakamzomea, mama mmoja akalala juu ya boneti. Mbunge akashuka na kutoka mbio kwa miguu kukata kona, kamera zikiwa nyuma yake. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limeifuta sheria. Kila mwanasiasa wa Marekani wa rika fulani anaikumbuka ile picha ya boneti. Nasi tuliofuatilia sakata la kikokotoo, fomula mpya ya kukokotoa mafao ya wastaafu, Tanzania mwaka 2018 hatuna haja ya kuelezwa hasira ya mtu aliyebadilishiwa fomula uzeeni. Nacho kilisitishwa Desemba ya mwaka ule ule.

Bush alijaribu tena mwaka 2005, ametoka kushinda uchaguzi, akapendekeza walio chini ya miaka 55 waruhusiwe kuweka hadi asilimia nne ya mshahara, kutoka kwenye makato yao, kwenye akaunti binafsi. Tatizo lake unaliona ukikumbuka mchezo: hela ikienda kwenye kibubu cha kijana, nani atampa bibi wa leo? Ingebidi ikopwe. Wademocrat hawakuleta mpango wao mbadala, walikaa tu wakasema hapana, na muswada haukufika hata kwenye kura. Mwaka uliofuata Warepublican wakapoteza Bunge. Mwaka 2011 mbunge Mrepublican Paul Ryan alipopendekeza kuigeuza Medicare ya baadaye iwe ruzuku ya kununulia bima, kundi moja la wapinzani wake lilitoa tangazo la mtu anayefanana naye akimsukuma bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukingoni mwa jabali, akamtupa. Bibi aliyetupwa, bila shaka, hakuwa miongoni mwa wale ambao mpango ungewagusa. Waliokuwa na miaka 55 na zaidi waliachwa kama walivyo. Tangazo lilifanya kazi hata hivyo.

Usidhani somo hili liliwaingia Warepublican peke yao, wala kwamba vita ni vya chama na chama tu. Donald Trump aliona mapema kuliko wenzake kwamba wapiga kura wengi wa chama chao ni wazee, akaahidi kutogusa Hifadhi ya Jamii wala Medicare, na Nikki Haley, Mrepublican mwenzake, aliposhauri umri wa kustaafu upande kwa walio vijana leo, ni Trump aliyemshambulia. Februari 2023 Rais Joe Biden, akihutubia Bunge, alisema baadhi ya Warepublican wanataka programu hizi ziwe zinakufa mpaka zipigiwe kura upya. Alikuwa akimlenga Seneta Rick Scott wa Florida. Ukumbi ukalipuka kwa kelele za kupinga, naye akawageuzia maneno pale pale: basi tumekubaliana, haziguswi. Wakasimama, wakapiga makofi. Wiki hiyo hiyo hesabu ya akiba kwisha ilikuwa bado mezani, na makofi hayakuisogeza hata kwa siku moja.

Kuongeza, hilo wanakubaliana vizuri sana. Januari 2025 Biden alitia saini sheria iliyopitishwa kwa kura nyingi za pande zote mbili, ya kuwaongezea mafao walimu, askari polisi na watumishi wengine wenye pensheni za majimbo. Ilikuwa na hoja zake. Nayo ikauleta mwaka wa ukame karibu zaidi.

Kwa nini kisu kilimwangukia Medicaid

Sasa turudi kwa yule pacha asiye na mstari kwenye hati ya mshahara. Katika Seneti ya Marekani muswada wa kawaida unahitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, na ni nadra chama kimoja kuwa nazo. Kuna njia ya mkato kwa miswada ya bajeti, ambayo inahitaji wingi wa kawaida tu. Lakini njia hiyo ina geti, na sheria ya geti, inayobeba jina la Seneta Robert Byrd wa West Virginia, inasema Hifadhi ya Jamii haipiti hapo. Medicaid inapita.

Unganisha hilo na siasa. Mzee wa Medicare anajijua kuwa ni wa Medicare, ana kadi, na anapiga kura kila uchaguzi. Wa Medicaid mara nyingi hajui. Majimbo yameipa majina yao: California ni Medi-Cal, Tennessee ni TennCare, Oklahoma ni SoonerCare, Wisconsin ni BadgerCare. Mtu anasikia Medicaid inakatwa, anasema afadhali, wavivu wametuzidi, na mfukoni ana kadi ya SoonerCare. Hata wa Medicare huteleza hapo: mwaka 2009 mbunge Bob Inglis wa South Carolina alisimulia jinsi mwananchi alivyosimama kwenye mkutano akamwonya serikali isiiguse Medicare yake. Inglis akajaribu kumweleza kwamba Medicare ni ya serikali. Hakueleweka.

Basi tarehe 4 Julai 2025 Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi, iliyopita Seneti kwa kura 51 kwa 50, Makamu wa Rais JD Vance akiwa ndiye wa 51. Hifadhi ya Jamii haikukatwa. Medicaid ilipunguziwa mamia ya mabilioni ya dola kwa miaka kumi, na ofisi ya bajeti ya Bunge ikakadiria kwamba kufikia mwaka 2034 watu wapatao milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima.

Kinachogombewa zaidi humo ni sharti la kazi. Kufikia Januari 2027 watu wazima wengi walioingizwa Medicaid kwa upanuzi wa sheria ya afya ya Rais Obama watatakiwa kuthibitisha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea. Kwa masikio ni haki tupu, nani apinge mtu mzima mwenye nguvu kufanya kazi? Ila Arkansas ilijaribu mwaka 2018, na kabla jaji hajausimamisha mpango ule mwaka uliofuata, watu zaidi ya 18,000 walikuwa wamepoteza bima. Wengi wao walikuwa wanafanya kazi, au walikuwa na sababu ya kusamehewa. Walichoshindwa ni kuripoti, kwa tovuti, kila mwezi. Anayejua foleni ya kuhakiki vyeti anajua kwamba kufanya kazi na kuthibitisha kwamba unafanya kazi ni kazi mbili. Wanaoutetea mpango wanasema fedha za umma lazima ziwe na masharti, na kwamba programu iliyokusudiwa walemavu na watoto imepanuka mno. Wanaoupinga wanasema akiba inayopatikana inatokana na makaratasi kuwashinda watu. Kwa Arkansas, mimi naona wa pili wana ushahidi zaidi.

Shemeji anaweza kusema Medicaid haimhusu. Inamhusu sana. Medicare hailipii mtu kuishi miaka katika nyumba ya wazee. Wengi wanaoishi humo, akiba yao ikishakwisha, analipa Medicaid. Mshahara ule wa dola 1,440 sehemu kubwa unatoka huko.

Na mgeni je?

Katika kelele zote hizi utasikia kwamba wahamiaji ndio wanaoimaliza mifuko. Kwa Hifadhi ya Jamii mambo yako karibu kinyume. Ili upate pensheni unahitaji pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne, kwa hiyo ni kama miaka kumi ya kazi halali. Wasio na vibali wanaofanya kazi kwa namba zisizo zao wanakatwa kama wengine na hawatadai chochote. Sheria aliyoitia saini Bill Clinton tarehe 22 Agosti 1996 inawataka wengi wenye kadi ya ukaazi wa kudumu wasubiri miaka mitano kabla ya kugusa Medicaid. Wakimbizi walikuwa wamesamehewa kusubiri huko, wakiwemo Wakongomani wengi wazungumzao Kiswahili waliopokewa katika miji ya Marekani miaka ya karibuni. Sheria ya 2025 imewabana: kuanzia 1 Oktoba 2026 hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi tena kumpa mtu Medicaid.

Na kuna jambo moja ambalo anayesema "nimechangia, hakuna wa kunigusa" alijue. Ephram Nestor alihamia Marekani kutoka Bulgaria mwaka 1913 na alichangia Hifadhi ya Jamii kwa miaka 19. Mwaka 1956 alifukuzwa nchini kwa kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, na pensheni yake ya dola 55.60 kwa mwezi ikakatwa. Alikwenda mahakamani. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mafao haya si mali wala mkataba. Bunge lililoyatoa linaweza kuyabadili. Stahiki, kumbe, ni stahiki mpaka sheria iseme vingine.

Hayo yote nilimwandikia shemeji, pamoja na hesabu yake mwenyewe. Ameshafanya kazi miaka sita, kwa hiyo ana pointi 24, zimebaki 16. Miaka aliyochangia NSSF nyumbani haitajumlishwa, maana Marekani ina mikataba ya kuunganisha michango na nchi 30 hivi, na hakuna hata moja ya Afrika. Nikamwambia afungue akaunti kwenye tovuti ya Hifadhi ya Jamii ahakikishe kila mwaka wake umeandikwa sawa, kwa sababu mwajiri akikosea jina au namba, ni yeye atakayehangaika akiwa na miaka 67.

Alijibu saa tisa usiku kwa saa za huku, akiwa kwenye mapumziko ya zamu. "Kumbe bado miaka minne tu. Haya shemeji, tutaongea, bibi wa chumba namba 12 anabonyeza kengele."